Damu ya Ng'ombe wa Mzee Wangwe

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimetoa damu! Mimi, Elieth, kwa mkono wangu! Ng'ombe sita wa Mzee Wangwe, kijijini Nyambureti, na hakuna aliyenipiga teke. Wa kwanza nilimchoma mara tatu — simwambii mtu. Mzee ana wasiwasi na yule mwekundu, katupa mimba. Vichupa nimevifukia kwenye barafu palepale, visiharibike na jua. Nimeimba kwenye pikipiki hadi maabara, Mugumu.

Jumatano, 5 Machi
Daktari Felista, bosi wangu wa mifugo, kapima damu. Mwekundu ana ugonjwa wa kutupa mimba. Mzee kapigiwa simu — kasema basi, Jumamosi anachinjwa. Nyuma yake, kwenye simu, nilimsikia mkewe akilia. Maziwa ya wajukuu ni ya ng'ombe huyo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimevitazama vile vichupa. Majimaji yanayojitenga juu ya damu yanatakiwa yawe ya manjano. Yangu mekundu kama juisi ya rozela! Daktari kauliza barafu niliweka lini. Palepale, nikasema. Ikagusa vichupa? Ndiyo. Akashika kichwa. Kumbe damu huachwa kwanza kivulini igande yenyewe, ndiyo ipozwe! Yangu imepigwa na barafu, chembe zikapasuka. Majibu yake si ya kuaminika.
Nililia. Hakunifukuza! Kesho tunarudia.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kamwambia Mzee kuwa damu ya kwanza iliharibika. Hakusema na nani — Mungu ambariki! Mzee kanuna: lori la machinjio linakuja kesho saa nne, halisubiri mtu.
Safari hii kivuli kwanza, kisha kisanduku cha baridi, na gazeti nene kati ya barafu na vichupa. Jioni majimaji ya manjano, safi! Nusura nikibusu kichupa.

Jumamosi, 8 Machi
HANA UGONJWA! Daktari kapima mara mbili. Kichupa kimoja cha ng'ombe huyohuyo tulikitia kwenye barafu makusudi — chenyewe kikasema anao! Nimeruka hadi kiatu kikatoka. Simu ya Mzee haipatikani. Pikipiki!

Saa nne na dakika kumi. Mwekundu yuko juu ya lori, injini inaunguruma. Nimekaa chini mbele ya gari. Dereva anapiga honi. Naandika ili ionekane ni kazi ya serikali. Nacheka, siwezi kuacha! Nimepiga kelele: Shikamoo Mzee, ng'ombe mzima, majibu yale yalikosewa!
Mzee kapiga ubao wa lori. Zima kwanza, kasema. Dereva kazima.
Sasa anakuja huku na fimbo yake, polepole. Anauliza ni nani aliyeiharibu ile damu —