Ile Email ya Visa ya Mathe

Shiru, usifungue email yoyote kutoka kwangu. Hata kama ina jina langu. Hasa kama ina jina langu.

Nimejimaliza.

Unajua vile fellowship yote imekuwa ikiombea visa ya mathe aje Doha. Leo nikiwa kazini nikaona email: visa ya mgeni wako imekubaliwa, fungua hapa.

Ilikuwa kwa spam, Shiru. Kompyuta ilikuwa imeshaitupa huko. Mimi ndiye niliitoa, kwa mkono wangu, nikisema shetani hawezi kunifichia majibu ya maombi.

Nikafungua. Hakuna visa. Ni virusi. Sasa inajituma yenyewe kwa kila mtu nimewahi kumwandikia.

Njenga wa IT amekuja akaniuliza, "Na kuna mtu atafungua kweli?" Ijumaa iliyopita si nilisimama mbele ya watu pale kanisani Mesaimeer nikawaambia matapeli wamezidi, wasifungue email ya mtu yeyote isipokuwa yangu. Yangu pekee. Na wakasema amina.

Nimejifungia kwa choo cha ofisi napigia kila mtu. Simu zinaita tu, wako kazini.

Pastor Jeremiah peke yake ndiye amejibu, saa hii:

"Millicent, Bwana asifiwe kwa visa ya mama. Kwangu imekataa kufunguka. Nimeitumia kwaya yote wajaribu."