Feni Tatu na Waya wa Zamani

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Imezima tena! Mara ya tatu ndani ya siku saba. Kompyuta ilikuwa inatoa picha ya jiko la mama wa Mbezi, makabati ya kijivu, meza ya marumaru, taa chini ya rafu. Ikafika asilimia sabini, pa, giza. Ile kadi ya picha niliyoweka Julai inakula umeme mwingi mno. Pawa saplai ya zamani, kile kisanduku cha kugawa umeme, haiiwezi.

Kiwanda cha Foshan wanataka michoro Ijumaa. Bila mchoro hawakati mbao.

Wangeci kanicheka. Eti, hiyo mashine yako ni ya kuchora jiko ama ni jiko yenyewe? Alikuwa kakaa kitandani anachambua rasta za mteja wa kesho. Miaka miwili tunakaa chumba kimoja hapa Xiaobei, huku Uchina, Mkikuyu wa Nyeri na Mzaramo wa Temeke, na bado ananichekesha.

Kesho nakwenda kununua pawa saplai nyingine.

Jumanne, 9 Septemba

Soko la kompyuta, Gangding. Nimebeba ile ya zamani na waya zake zote nionyeshe nataka kitu gani. Nimepata ya wati mia nane na hamsini, mpya, kwenye boksi. Laoban mwenye duka, mzee wa miwani, akaanza kusema jambo refu. Akashika waya zilizo kwenye boksi jipya. Akashika zangu za zamani. Akatikisa kidole mbele ya uso wangu. "Bu xing! Bu xing!" Haifai. Nikadhani anataka nimwachie zile za zamani auze shaba. Nikazirudisha kwenye mkoba, nikamwambia xiexie, asante, nikaondoka.

Nimeifunga mwenyewe sakafuni. Saa mbili nzima, mgongo umekufa. Imewaka!

Lakini feni tatu za mbele hazizunguki. Ya prosesa inazunguka. Ya nyuma inazunguka. Za mbele — kimya. Jana zilikuwa zinazunguka vizuri tu.

Jumatano, 10 Septemba

Siku nzima na bisibisi.

Feni ni nzima. Nimechomoa moja nikaichomeka kwenye bodi yenyewe, ikazunguka. Kwa hiyo ubaya uko kwenye kile kibao kidogo nyuma ya bamba, zinapokutana waya za feni zote tatu. Kibao kinataka umeme wake chenyewe. Waya uliokuja na pawa saplai mpya ni mfupi, haufiki. Unapungua kama kiganja kimoja.

Bila feni za mbele kompyuta inafika digrii tisini na sita, inajizima. Nimetoa bamba la ubavuni, nimeisogezea feni ya chumba. Nusu saa, ikajizima tena. Nimepiga simu dukani — meiyou, hamna waya mrefu, mpaka Jumamosi. Foshan wananiandikia kila saa. Dada, michoro? Dada, michoro?

Wangeci hakwenda saluni leo. Polisi walikuwa wanakagua pasipoti kule chini, karibu na daraja. Viza yake iliisha Januari. Ana mpango wake: mwezi wa kumi anajipeleka mwenyewe polisi, anakubali kosa, anarudi Kenya. Mdogo wake Nyokabi anaolewa Desemba. Wengi hapa wameondoka hivyo. "Mimi siendi kukimbizwa na polisi kama mwizi," kaniambia. "Naenda nimejipaka lipstiki."

Pasipoti yangu mimi iko ofisi ya viza, ninayo risiti tu. Naambiwa nisubiri. Usifanye kosa lolote mwezi huu, ndivyo alivyosema ajenti. Lolote.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata! Ule waya wa zamani, ulikuwa kwenye mkoba wakati wote. Mrefu. Plagi zake ni zilezile, huku na huku. Nimeuchomeka kwenye pawa saplai mpya ukaingia sawasawa, hata sikusukuma. Unafika kwenye kibao, na njiani unalisha na diski ya michoro.

Wangeci anaoga. Nawasha sasa.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike yote. Nisiruke kitu.

Nilibonyeza. Ikalia tik. Feni hazikuzunguka. Nikabonyeza tena — tik. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikazima swichi ya nyuma, nikahesabu mpaka kumi, nikawasha, nikabonyeza nikashikilia. Ndipo ikaja harufu. Kama nywele za plastiki Wangeci anapochoma ncha. Moshi ukatoka nyuma ya bamba, mweupe, halafu mweusi. Ndani nilikuwa nimebandika sponji kupunguza kelele. Sponji ikashika. Kutoka pale moto ukapanda kwenye pazia.

Nilisimama. Sikupiga kelele wala sikuchomoa waya. Nilisimama tu na bisibisi mkononi.

Wangeci alitoka bafuni na taulo. Akachomoa plagi ukutani. Akalishika pazia kwa mikono akalivuta lote chini, akalikanyaga, akalimwagia ndoo ya maji ya kuogea. Pazia la nailoni. Liliyeyuka likamganda kiganja cha kulia mpaka vidoleni. Mkono wa kusukia.

Majirani walikwishapiga simu. Ngazi zilijaa watu wanashuka. Angeweza kushuka nao. Angejitupia dera langu na mtandio, akapita katikati yao, nani angemuuliza? Mimi nililijua hilo. Yeye alikuwa ameweka mkono chini ya bomba, anauma meno, ananiuliza, "Wewe uko sawa? Hujaungua?" Nami sikumwambia ashuke. Nilitaka asiniache peke yangu pale.

Zimamoto wakaja, hawakuwa na kazi. Halafu polisi wawili. Pasipoti. Mimi nikatoa risiti. Wangeci akavaa kwanza, taratibu, kwa mkono mmoja, akatoa ya kwake kwenye droo akawapa. Yule polisi alifungua ukurasa wa viza, akaangalia tarehe, akamwonyesha mwenzake.

Kisha akaninyooshea kompyuta. "Shei de?" Ya nani?

Kichina changu ni cha bei na rangi na vipimo. Lakini hilo nilielewa. Nisingeweza kusema sikuelewa. Nikawaza risiti, nikawaza ajenti — kosa lolote — na kinywa changu kikasema, "Ta de."

Yake.

Wangeci anakijua Kichina kuliko mimi. Aliniangalia. Si kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyeitwa jina asilolijua. Halafu wakampeleka hospitali, na kutoka hospitali hakurudi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeangalia video ya kijana mmoja wa Manila, anaeleza polepole. Plagi zinafanana kwa nje, ndani kila mtengenezaji anapanga waya anavyotaka. Volti kumi na mbili inakwenda panapotaka tano. Usichanganye, anasema, hata kama inaingia sawasawa. Laoban alisema vilevile. Mimi nilidhani anataka shaba.

Diski imekufa. Jiko la Mbezi limekwenda, na majiko mengine kumi na saba. Foshan wameacha kuandika.

Nyokabi kapiga kutoka Nyeri. Dada yake hashiki simu tangu Alhamisi. Nikamwambia kaungua kidogo mkono, yuko hospitali, simu haina chaji. "Asante sana, Swalha," kasema. "Mungu akubariki kwa kumwangalia."

Nilikaa bafuni mpaka adhuhuri. Ndoo bado iko pale.

Jumatatu, 15 Septemba

Polisi wamenipigia. Kesho saa nne asubuhi, kituoni, kuandikisha maelezo na kutia sahihi. Nilete risiti.

Sijala. Nimefua mashuka yake.

Jumanne, 16 Septemba

Kituoni. Naandika nikiwa kwenye kiti cha korido.

Wamenipa mkalimani. Bi Chen, mwanamke wa makamo, alisoma Dar miaka ya nyuma, Kiswahili chake kisafi kuliko changu. "Shikamoo," nilimwamkia, akacheka kidogo, "Marahaba, karibu ukae." Ningependa angekuwa mkali.

Amenisomea maelezo neno kwa neno. Moto ulianza saa kumi na robo jioni. Ulianza kwenye kompyuta. Kompyuta ni mali ya mkazi mwenzangu. Mimi nilikuwepo chumbani.

Nikamuuliza, Wangeci atafanywa nini?

Alitazama mlango kwanza. Kwa viza peke yake, alisema, mara nyingi mtu hulipa faini na kurudishwa kwao. Lakini moto kwenye jengo la watu ni shauri jingine. Unachunguzwa. Anaweza kukaa ndani muda mrefu, na asiruhusiwe kuingia nchi hii kwa miaka. Hawezi kusema mingapi, si kazi yake.

Atawahi harusi ya mdogo wake, Desemba?

"Desemba ya lini?" aliuliza.

Nikamuuliza tena, je, mtu akisema kompyuta ilikuwa yake, na ana karatasi za kusubiri viza, atafanywa nini?

Bi Chen aliweka kalamu chini. "Mimi si wakili, dada yangu," alisema, "mimi natafsiri tu." Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba mwenzangu naye ameulizwa, jana, mbele yake. Aliulizwa mara mbili, kompyuta ni ya nani.

"Amejibu nini?"

"Amejibu ni yake. Amesema aliifunga yeye mwenyewe, na wewe hujui chochote kuhusu umeme."

Nikaomba dakika tano. Wakanipa.

Kwa hiyo maneno yetu yanalingana. Hakuna atakayeniuliza tena. Niingie, niandike jina langu pale chini, nitoke, nipande metro, wiki ijayo pasipoti yangu inarudi na stika mpya ya viza. Amenifungulia mlango kwa ule mkono mmoja uliobaki. Hakuna aliyemwomba.

Alijuaje kwamba sitasema kweli? Au alidhani nitasema, ndiyo maana akawahi?

Dakika tano zimekwisha. Bi Chen amesimama mlangoni na ile karatasi, haniharakishi. Ananiuliza kwa Kiswahili chake kisafi, dada Swalha, kuna la kurekebisha?

Nimeinamia daftari. Naandika. Amekuja amekaa kiti cha pili, anasubiri nimalize, nami bado naandika.