Hazina ya Timu Ilinukia Sabuni

Likasi, Jumapili, mwezi wa pili, 1994

Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza na bado haijachoka. Furaha amelala mgongoni mwangu. Jino lake la tatu linatoka, na mate yake yamelowesha bega langu lote. Ninaandika nimesimama, daftari juu ya meza, maana nikikaa tu ataamka. Sasa sina woga. Woga nilikuwa nao asubuhi.

Leo sikuitwa mwizi.

Acha niandike yote, nisije nikasahau hata kicheko kimoja.

Timu yetu ya basketi ya wasichana wa mtaa haina tajiri. Zamani kampani ya migodi ilikuwa inatoa mipira na viatu. Sasa kampani hailipi hata waume zetu, nani ataenda kuikumbusha mipira? Kila mzazi anatoa kidogo kila mwezi, na hicho kidogo ndiyo hazina. Mimi nilicheza humo mpaka mimba ya Furaha ilipokuwa kubwa, nikakaa pembeni kushangilia. Sikuwekwa mtunza hazina kwa sababu ya masomo, niliishia mwaka wa nne. Niliwekwa kwa sababu Yaya Kapinga, dada yetu mkubwa aliyejua hesabu kuliko sisi wote, alipanda treni pamoja na Wakasai wenzake waliofukuzwa mkoani kwetu kwa kabila lao. Pale stesheni, kati ya magodoro na sufuria za watu, alinitia daftari la timu mkononi. Alisema tu, "Shika, mudogo wangu." Nililishika kwa mikono miwili.

Wababa wa kamati hawakufurahi. Mwezi wa kumi na moja tulipokusanya pesa za safari ya Kapolowe, wasichana wetu wakacheze na wale wa misioni, wababa walizigawa katikati. Nusu ikaenda kwa Papa Ilunga, makamu wa rais wa timu, karani, mtu wa shati lililopigwa pasi hata katika nyakati hizi. Nusu nyingine wakanipa mimi. Zilikuwa noti mpya, bado zinanukia wino.

Yeye alizifungia ndani ya kopo la maziwa. Mimi nilizipeleka sokoni siku ileile, nikanunua miche ya sabuni.

Sikumwomba mtu ruhusa. Hapo nilikosea, na ninaliandika kosa langu kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini nilikuwa nimeshafundishwa na mshahara wa Baba Furaha. Walimlipa Ijumaa jioni, baada ya miezi ya kungoja. Tulifurahi mpaka tukasema, unga tutanunua Jumatatu, kwa utulivu. Jumatatu bei ilikuwa imepanda, pesa zilezile zikatupatia nusu tu ya mfuko. Hakuna mtu aliyetuibia. Zilikaa tu ndani ya nyumba, siku mbili, na nusu yake ikaisha.

Sabuni inakaa. Inakauka, inakuwa ngumu, na hakuna nyumba isiyoihitaji. Niliipanga chini ya kitanda kwa kupishana ili ipate hewa. Baadaye nikawaambia wamama, walete mchango wa mwezi kwa vipande vya sabuni, noti wakae nazo. Walikubali haraka kuliko nilivyofikiri. Ndiyo maana daftari langu halina noti ya zaire hata moja. Lina miche, na vipande, vinne kwa mche mmoja.

Halafu maneno yakaanza. Mtu mmoja alikuwa ameniona sokoni siku ile ya noti. Wiki mbili hizi yalizunguka kutoka bomba la maji mpaka mlango wa kanisa: Mama Furaha anafanya biashara na pesa za watoto. Papa Ilunga akaitisha mkutano wa wazazi wote, leo baada ya misa.

Tulikaa ndani ya darasa la shule ya parokia, kwenye madawati ya watoto, magoti yamekunjwa. Wasichana walisimama nje chini ya ukingo wa paa, masikio dirishani. Papa Ilunga alisimama mbele ya ubao.

"Bazazi, minye nauliza neno moya tu. Franga ya batoto iko wapi?"

"Iko ku nyumba yangu, Papa," nikasema. "Ni sabuni."

Darasa zima likacheka.

"Tuko timu ya basket ao duka ya sabuni?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Njo maana mupira inateleza batoto ku mikono!" mwingine akaongeza.

Masikio yangu yaliwaka moto. Nilimbana Furaha mgongoni kana kwamba yeye ndiye angeanguka. Nilijua wakiniondoa kwa jina la mwizi, nitaishi nalo mtaa mzima, na binti yangu atakua akiitwa mtoto wa yule aliyekula timu.

Papa Ilunga akaomba daftari, akaanza kulisoma kwa sauti kama karatasi ya mahakama. Mama Vero, kipande kimoja. Mama Vero, kipande kimoja tena. Akafungua ukurasa, akasimama kidogo, akasoma polepole: "Mama Furaha, amekopa kipande kimoja. Kufua bitambaa, mutoto anahara."

Nilitamani sakafu inifunike.

Akafungua ukurasa uliofuata. "Mama Furaha, amerudisha kipande kimoja. Na kidogo juu yake, kwa kuchelewa."

Hapo akainuka Mama Vero, yule anayekaanga mikate ya mafuta kwenye kona, sauti yake inafika barabara ya pili.

"Papa Ilunga! Minye nimezeeka, sijaona mwizi wa namna hii. Mwizi gani anajiandika mwenyewe mu daftari, na mavi ya mutoto wake juu?"

Walicheka mpaka madawati yakagonga. Lakini safari hii kicheko hakikuwa kinanipiga, kilikuwa kimenikumbatia. Hata wasichana dirishani walikuwa wanafuta machozi.

Papa Ilunga hakucheka. Aliweka kopo lake juu ya meza. "Basi, tuangalie na ya kwangu."

Alizihesabu noti moja baada ya nyingine, kwa sauti, akizinyoosha kwa kidole gumba. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Haikupungua hata moja. Akatutazama kama mtu aliyemaliza sala vizuri.

Kabwe, mwenye lori, alikuwa amekuja kuchukua jibu la safari. Alisimama mlangoni, amelowa.

"Papa, noti zako ni za kweli," akasema. "Lakini muntu wa mazuti ya lori hataki tena makaratasi. Kwenda na kurudi nalomba miche kumi na munane. Hii yako..." Akaangalia juu, akipiga hesabu. "Hii yako itapata mbili. Kama munaenda sokoni leo. Kesho sijue."

Hakuna aliyecheka.

Zilikuwa nusu mbili sawasawa, mwezi mmoja, siku moja. Chini ya kitanda changu, pamoja na michango, kulikuwa na miche ishirini na mitatu.

Nilikuwa nimeshinda. Nilitaka kuruka. Ndipo nikauona uso wa Papa Ilunga, nikasikia maneno aliyoyasema chini chini, si kwetu, kwa lile kopo: "Batoto yangu balilala njaa pembeni ya hii. Mara mingi. Sikugusa."

Sikuruka. Mimi nilikopa kipande kwa ajili ya vitambaa. Yeye hakukopa hata noti moja kwa ajili ya bukari, ugali wa watoto wake. Wote wawili tulikuwa tunachunga kitu kilekile, ila cha kwake kiliyeyuka huku akikitazama.

Nikasimama. Mimi wa mwaka wa nne, mbele ya ubao.

"Bazazi, Papa Ilunga aliichunga muzuri. Noti njo balimukimbia. Yeye hakukimbia."

Walipiga makofi, na si mimi peke yangu niliyepigiwa. Mama Vero akasema tupige kura haraka, mikate yake inamngoja. Nani anataka hazina yote iende kwa Mama Furaha? Mikono ikainuka, niliacha kuihesabu. Mkono wa Papa Ilunga ulikuwa mmojawapo.

Niliomba kitu kimoja tu: Papa Ilunga awe anakuja nyumbani kwangu kila Jumamosi kukagua. Mtu aliyeweza kutogusa, huyo ndiye ninayemtaka kwenye daftari langu.

"Minye, karani, nihesabu sabuni?" akauliza.

"Na uninyooshee mistari, Papa. Yangu inaenda kombo."

Akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Wasichana walipoelewa kwamba safari ipo, walitoka mbio uwanjani ndani ya mvua, viatu mkononi, wakipiga kelele mpaka padri akatoa kichwa dirishani kuuliza nani amekufa. Mama Vero alilifunga kopo kwenye kitenge chake akaenda sokoni mbio. Alirudi na miche miwili na robo. Robo ile aliipigania yeye, na sitaki kujua alimwambia nini muuzaji.

Mchana Kabwe alikuja kwangu na baiskeli kuchukua malipo yake. Papa Ilunga alihesabu mara mbili, kalamu sikioni. Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri kama wa kitabu: *Lori la Kapolowe, limelipwa.* Nililisoma neno hilo mara tatu. Limelipwa. Imebaki miche saba na robo: ya kufua jezi, na ya kubadilisha na unga na samaki, ili wasichana wapate kula wakifika.

Jumapili ijayo watacheza. Wanaweza kushindwa, wale wa misioni ni warefu na wana kiwanja cha simenti. Sijali sana. Watafika. Mwaka huu ambapo kila kitu kinafungwa mlango, wasichana kumi na wawili wa mtaa wetu watapanda lori wakiimba, na hakuna mtu atakayesema pesa zao zililiwa.

Yaya Kapinga, popote ulipo, daftari halijachanika.

Mchango wa mwezi mpya unaanza kesho. Wa kwanza kulipa nitakuwa mimi.