Risasi za Papa Ngoy

Jumamosi. Kuta zinatoka jasho. Ni ule msimu wa Guangzhou ambao hewa yenyewe imelowa, nguo zinashinda kwenye kamba na jioni unazikuta vilevile. Nimeamka na aibu, na nimeshinda nayo.

Naandika hapa kwa sababu mume wangu hasomi blogu. Anasema blogu ni za watu wasio na kazi.

Nianze na jana. Baada ya swala ya Ijumaa tulikula mchana barabara ya Huanshi, kwenye ule mgahawa wa wali wa kondoo: mimi, mume wangu Baba Salma na mgeni wake, Papa Ngoy. Papa Ngoy ni Mkongo wa Lubumbashi, anakuja kununua fulana na suruali soko la Shahe, na mume wangu ndiye anayemtembeza madukani na kumsafirishia mzigo. Ana shamba la mbuzi ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, na bweha wanammalizia vitoto vya mbuzi. Bunduki anayo, ina kibali, na risasi anajaza mwenyewe kwa mkono. Anapima baruti, anaimimina kwenye ganda, kisha anagandamiza kichwa cha risasi juu yake. Anatumia vichwa vyepesi vyenye ngozi nyembamba ya shaba, vile vya wanyama wadogo.

Mwaka huu alibadilisha mtutu. Tangu hapo risasi zake hazifiki.

"Karibu karibu inapiga muzuri," alisema. "Nikiweka carton mbali kidogo, hata tundu moja, mei you, hakuna. Minaona tu kamoshi ka kijivu mu hewa, basi."

Mume wangu alitafuna, akafikiri, akajibu kwa sauti ileile anayotajia bei ya kontena. "Risasi nyepesi haina nguvu. Ongeza baruti."

"Kitabu inasema nimefika mwisho."

"Kitabu kimeandikwa na waoga, Papa Ngoy. Wewe ongeza."

Mimi nikajimiminia chai.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi bunduki mwenye leseni, Arusha, na mimi ndiye niliyekaa naye mezani kujaza risasi za wateja mpaka nilipoolewa. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyosokotwa, ndiyo inayoizungusha risasi ili iende sawa. Mtutu mpya wa Papa Ngoy, kwa dalili alizoeleza, umesokotwa kwa karibu sana. Ni mtutu wa risasi nzito. Ukiutia risasi nyepesi ya ngozi nyembamba, halafu ukaikimbiza, inazunguka mpaka inapasuka angani. Kile kimoshi cha kijivu ndiyo risasi yenyewe. Ukiongeza baruti itapasuka mapema zaidi. Na ukivuka kiwango cha kitabu, kinachoweza kupasuka ni bunduki, mbele ya uso wa mtu. Baba alikuwa na mteja wa jicho moja, na sababu ilikuwa hiyohiyo.

Nilijua yote hayo, nikanywa chai.

Nilifundishwa kwamba mume hakosolewi mbele ya mgeni. Mama yangu alilisema hilo siku ya kunifunda, na shangazi zangu wakaitikia. Ningependa niishie hapo, nionekane mke mwenye adabu. Lakini shajara ya kujidanganya ina faida gani? Wiki iliyopita, mbele ya wafanyabiashara wenzake, Baba Salma alinitania kwamba kazi yangu huku China ni kukunja nguo. Walicheka. Mimi pia nilicheka. Jana nilipomsikia akikosea kwa uhakika namna ile, nilisikia utamu.

Kidogo tu, lakini niliusikia.

Leo asubuhi chai ilinishinda. Papa Ngoy alikuwa anasafiri alasiri, na mtu akishafika shambani kwake na ushauri mbaya kichwani, nani atamzuia? Nilimwona akilini na kile kitako cha bunduki shavuni. Baba Salma akaingia kuoga. Simu yake ilikuwa mezani, inachaji, na namba ya siri ninaijua.

Namba ya Papa Ngoy ningeweza kuipata kwenye grupu la wateja, nikamwandikia kwa simu yangu na kwa jina langu. Sikuitafuta.

Niliandika hivi: "Papa Ngoy, salaam. Nimelifikiria lile la jana, nimekosea. Usiongeze baruti hata kidogo. Ni kama zile fulana za Shahe za bei ya chini. Uzi mwembamba, ukiitia kwenye mashine ya kufulia na kuizungusha kwa kasi ya mwisho, inatoka imefumuka. Pima mtutu wako: funga kitambaa kwenye ufito wa kusafishia, tia alama, sukuma taratibu, uone ufito unamaliza mzunguko mmoja ndani ya urefu gani. Kama ni mfupi, achana na vichwa hivyo vyepesi, tafuta vizito. Ama sivyo rudi kiwango cha chini cha kitabu."

Nilisoma tena kabla ya kutuma. Ilikuwa ni sauti ya mume wangu kabisa, isipokuwa lile neno "nimekosea".

Jibu lilikuja la sauti. Baba Salma ndiye aliyelifungua, taulo begani. "Asante sana kaka, grand frère. Mutu mwenye anakubali alikosa, njo mutu mukubwa."

Akapandisha mazungumzo juu, akasoma ujumbe, polepole, midomo ikicheza. Akaniangalia. Nilikuwa nakunja shuka ambayo hata haijakauka. Kisha akaileta simu mdomoni. "Usijali, Papa Ngoy. Ndiyo faida ya kuuliza wanaojua."

Akaniuliza kama kuna chapati. Mimi nikashukuru Mungu yameisha, na kushukuru kule kunanitia aibu kuliko ujumbe wenyewe.

Hayakuisha. Tulikwenda kumuaga chini ya hoteli yake. Wakongo wawili wenzake walikuwa pale, mabegi yamezungushiwa utepe wa gundi, teksi inasubiriwa. Papa Ngoy akaanza kumsifu mume wangu, ile ya fulana, ile ya mashine. Wakataka kusikia. Baba Salma hakukataa. Akaeleza vizuri, kwa mikono yake yote miwili, fulana, uzi, kufumuka, mpaka alipofika mwisho.

"Kwa hiyo mtutu unaozungusha sana," alisema, "tafuta risasi nyepesi zaidi."

Papa Ngoy akaitikia kwa kichwa kama anayeweka jambo moyoni. "Nyepesi zaidi."

"Nzito," nilisema.

Wote waligeuka. Niliongea kwa sauti ya chini, hata sikuwa na uhakika kama wamesikia.

"Nzito, Papa Ngoy. Yenye ngozi nene. Nyepesi ndiyo inayokupasukia."

Papa Ngoy alinitazama, akamtazama mume wangu, akaangalia simu yake mwenyewe mkononi. "Ah bon," alisema. "Kumbe njo weye, Mama Salma."

"Ni mimi."

Teksi ikaja. Alimpa Baba Salma mkono, mimi akaniinamia kidogo, na mmoja wa wale wawili akakohoa ili kuficha kicheko. Nilimwona mume wangu akitabasamu kwa meno tu.

Kurudi nyumbani alitangulia. Nilimfuata nyuma, nikijiandalia majibu: ya mama na shangazi, ya kukunja nguo, ya wenzake waliocheka. Nilikuwa nayo mengi na yote yalinifaa. Penye daraja la waenda kwa miguu alisimama, akanisubiri. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Ungeniambia jana," alisema. "Nyumbani, sisi wawili. Leo ningemwambia mwenyewe."



Jana jioni tulikaa chumba kimoja. Alinimenyea chungwa. Aliniuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia ni huu unyevu unaniumiza kichwa. Hakuwepo mgeni, wala shangazi. Ilikuwepo nafasi, na mimi nikaitumia kuulinda ule utamu wangu.

Sasa yuko upande wa pili wa pazia, anahesabu marobota kwa sauti. Kesho akiniuliza kuhusu mtutu, nitamweleza yote, hata la baba na mteja wa jicho moja. Asiponiuliza, nitaanza mimi, na nitaanza na chungwa la jana.