Mgongo wa Makori

Mama,

Nimemkanda Makori. Ndiyo, huyo huyo shemeji yako, aliyekumwagia petroli kwenye uwanja wa nyumba yako huku ukimsihi kwa jina lake. Usinikasirikie kabla hujasikia. Hapa Manga kila mtu anajifanya anajua kwa nini nilifanya hivyo, na wote wamekosea.

Wachuma chai siku hizi wanakuja kwangu na mabega yao yaliyopinda kwa vikapu. Wanasema mke wa mwanao ana mkono wako. Uongo, lakini nafurahi. Nakumbuka ulivyonifundisha kwa mguu wa mbuzi, siku ya mahari ya wifi. Ulivuta ule utando mweupe unaoshika nyama ukaniambia, "Mtu huumwa hapa, mwanangu. Huu ukikauka unamkunja mtu mzima. Usiupige. Ukande polepole mpaka ukubali."

Na vile vitambaa vya kupangusia mafuta! Wagonjwa wenyewe ndio waliokuomba uvifiche. Waliogopa mchawi asije akaokota kitambaa chenye jasho lao, basi wewe ukawa unavizika nyuma ya migomba, kila ukimaliza kumpangusa mtu mafuta. Kisha Ombati wa Makori akafa kwa tumbo, siku chache baada ya kumnyoosha bega. Mbwa akafukua. Makori akakiinua kitambaa mbele ya waombolezaji akapiga kelele, "Jasho la mwanangu hili hapa!" Loo, Mama. Ulichofanya kuwakinga ndicho walichokushikia mawe.

Mimi walinishika nywele nikiwa nimepigishwa magoti. Nililiona jiwe lililokuvunja mdomo. Nilimwona Makori akivikanyaga vidole vyako kwa buti, vidole vilivyomnyoosha hata yeye alipoanguka kutoka juu ya paa. Halafu moto. Harufu ile haijanitoka, na nyama ya kuchoma siili tena. Sitaki mtu aniambie nisahau.

Alishtakiwa, akatolewa kwa dhamana. Mara mgongo ukamkaba. Nilidhani anaigiza, nikaenda kuchungulia: kweli amekunjika, analishwa na mkewe. Kila kesi ikitajwa, wakili wake anasimama na barua ya daktari, mteja wangu hawezi kuketi wala kusimama. Inaahirishwa. Shahidi mmoja amehamia Nairobi. Mwingine ameanza kusema moshi ulikuwa mwingi, hakuona vizuri. Nikaona kesi yako inakufia mgongoni mwa yule mzee.

Basi mkewe alipokuja kwangu akilia, nikakubali. Wazee wakaruka! Mke wa mwana kugusa mgongo wa baba mkwe, hata kama ni mdogo wa baba mkwe? Chinsoni, ile miiko yetu ya heshima kati ya wakwe, zinakataza hata kumpa mkono. Nikawajibu ulivyokuwa ukiwajibu wenye haya, mficha uchi hazai. Wakakubali nimtandazie shuka kwanza. Kanisani nikaombewa hadharani, eti dada yetu amesamehe. Nikasema amina.

Siku ya kwanza vidole vyangu vilifika shingoni mwake, pale damu inapodunda. Nilitaka, Mama. Haki ya Mungu nilitaka. Alikuwa amefumba macho, ametulia kama mtoto aliyeshiba. Nikashuka kiunoni nikamwingiza kiwiko kwa nguvu zangu zote mpaka akamwita mama yake. Ungenigombeza, ulikuwa ukisema maumivu si dawa. Mimi siku hiyo nilitaka alie, na alilia. Baadaye ndipo nikapunguza mkono, nikakanda polepole ulivyonifunza, nikarudi tena na tena, mpaka utando ukakubali.

Wiki hii akainuka. Alitembea hadi langoni akamfukuza mbuzi aliyeingia kwenye mahindi, mkewe akipiga vigelegele. Nilikuwa nimemwalika naibu wa chifu kwa chai pale pale kwa Makori, akayaona yote kikombe kikiwa mkononi. Makori akanigeukia, machozi tele. "Asante, mwanangu. Umenisamehe."

Nikamwambia, "Sijakusamehe, baba. Nimekunyoosha ukasimame kizimbani."

Mtu alijishika kiuno papo hapo! Akataka kuanguka chini. Naibu wa chifu akaweka kikombe mezani akamwambia aache mchezo, mbuzi mwenyewe ni shahidi. Nilicheka, Mama, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Naandika haya kwenye benchi nje ya mahakama. Makori amefika kwa miguu yake. Amepita mbele yangu bila kuniangalia. Hawa mawakili wananiogopesha kuliko hata umati ule.

Karani ameita jina langu. Pumzika, Mama, mimi naingia. Nakuahidi nitasema yote, ya mdomo wako, ya vidole vyako, ya petroli na mkono ulioimwaga, nikimtazama usoni. Naye atanisikiliza akiwa wima.

Kerubo wako