Aloisi Amekataa Kusaini

Aloisi wangu amefukuzwa masomoni Ulaya! Karudi bila digrii.

Leo Alhamisi, Kibosho ni mvua na ukungu tangu kulipokucha, nami nimekaa jikoni nikisingizia moshi ili nilie.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini nimezaa kichwa. Nani mwingine huku mlimani ana mtoto aliyesomea mitambo ya nyuklia ya kufua umeme? Tena si kuiendesha. Yeye alisomea kuwatazama wanaoiendesha na kukadiria binadamu atakosea wapi, kabla hajakosea. Jirani yangu Mama Genoveva alinitania kwenye foleni ya sukari: "Yaani Mzungu anamsomesha mwanao ili aje kumwambia atakosea wapi? Si angeniita mimi! Mume wangu namwambia bure kila siku." Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani nimeinua shingo.

Huko Ulaya, kwenye mtambo wa hao waliokuwa wakimlipia masomo, aliona swichi mbili zimekaa pamoja, zinafanana kama mapacha. Moja ya kufunga maji, nyingine ya kuachia mvuke. Akawaonya wakubwa kwamba mtu aliyechoka atazichanganya. Ni kama kuweka mafuta ya taa na ya kupikia kwenye chupa za aina moja, halafu umlaumu mpishi. Wakamjibu watu wao wamefunzwa, hawakosei.

Mmoja akakosea. Mvuke ukamuunguza, akafa.

Wakamtaka Aloisi asaini kwamba marehemu alikuwa mzembe. Akakataa. Wakamkatiza masomo, naye alikuwa karibu kumaliza.

Asubuhi nilishindwa kujizuia. "Si ungesaini tu, baba? Mtu mwenyewe keshakufa."

"Mama, yule naye ana mama."

"Na wewe je, huna?"

Alisukuma bakuli la mtori wa ndizi, akatoka kwenda migombani na mvua ile ile. Mpaka sasa hajarudi ndani.

Najua ametenda haki. Lakini wataandika marehemu ni mzembe hata asiposaini yeye, na swichi zenyewe, anasema, ziko vilevile.

Basi mwanangu kaharibikiwa kwa faida ya nani?

Aliponiletea habari kwamba anarudi, sikuuliza kwa nini. Nilikimbilia kutangaza injinia anakuja: kwa ukoo mzima, kwa padri, kwa mjumbe wa nyumba kumi. Pombe ya mbege iko kwenye mapipa, mbuzi kafungwa nyuma ya nyumba. Nimwambie nani kwanza, na nianzie wapi?

Wanakuja Jumapili, baada ya misa ya pili.