Turbo Iliyoungua Katito na Sala Yangu ya Kufika

MAELEZO YA SHAHIDI
Tarehe: 10 Aprili 2025, saa nne asubuhi
Jina: Gakenia Muchiri
Umri: miaka 52
Kazi: kuuza nafaka
Makao: Otonglo, Kisumu

Afande, kwanza pokea salamu zangu. Natumai umeamka mzima, na wa nyumbani kwako pia. Mimi niliamka na moyo mzito, lakini tangu nikae kwa hiki kiti unaanza kuwa mwepesi.

Mlalamishi ni mume wangu, Simeon. Aliyeko seli ni fundi wetu wa gari, Dalmas Ogola. Nimekuja kusema Dalmas hakutuibia.

Mnamo tarehe 6 Januari, saa nne asubuhi, nilimpelekea gari letu dogo afunge turbo mpya, kile kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini. Nilikaa kwa benchi lake mpaka akamaliza. Boksi alilifungua mbele yangu, na namba ya turbo nikaiandika nyuma ya Biblia yangu. Hii hapa, ilinganishe na ya ile turbo iliyoungua.

Akaniambia, "Mama, ukifika baada ya mwendo wa mbio usizime injini hapo hapo. Iache ingurume dakika mbili, turbo ipoe."

Nikamcheka. "Kwani ni mzee, anataka kupumua kwanza?"

"Ni mzee, Mama. Tena ana hasira."

Onyo hilo sikumwambia Simeon. Na mimi, Afande, kila nikifika sokoni Katito huzima gari mara moja, nikainama nimshukuru Mungu kwa safari. Siwezi kuomba injini ikipiga kelele. Nimefanya hivyo miezi mitatu.

Mnamo tarehe 8 Aprili, saa mbili asubuhi, gari lilitoa moshi wa bluu pale Katito, likakosa nguvu. Fundi wa hapo akalifungua, akasema oili imeungulia ndani ya turbo kwa kuzimwa ikiwa bado moto. Nilipompigia simu, Simeon hakungoja kusikia sababu. Alimwendea Dalmas: "Umenifungia turbo ya kuokota!" Jioni Dalmas akakamatwa. Nami nikanyamaza siku mbili. Ni aibu.

Leo tukiwa kwa chai Simeon aliomba Mungu amwumbue mwizi. Amina ilikataa kunitoka. Nikamweleza yote. Alisukuma kikombe kando, akasema, "Mama Shiku, vaa viatu. Twende." Yuko hapo nje.

Haya ndiyo maelezo yangu, na sikuongeza kitu. Mungu asifiwe, nimeyatua. Sasa, Afande, naomba unijibu upesi: Dalmas atalala kwake leo?

Sahihi: G. Muchiri

Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni yake. Namba iliyo kwenye Biblia ni ile ile ya turbo iliyoungua. Mlalamishi ameondoa malalamiko na kumwomba fundi msamaha mbele yangu. Dalmas Ogola ameachiliwa saa tano na nusu. Wote watatu wameondoka kwa miguu.

Konstebo P. Naswa